Kulia Bila Kuumiza Koo

Mwalimu wetu wa sauti alianza kwa kutulaza chali sakafuni. Tulikuwa vijana tuliomaliza kidato cha nne na ambao hakuna aliyetuita popote, tukaambiwa tufike kwenye ukumbi wa kanisa mjini Migori tukafundishwe kuimba kwenye mchezo wa kuigiza. Nilitarajia wimbo. Nikapewa saruji baridi mgongoni na pakiti ya unga wa mahindi juu ya kitovu, niipandishe na kuishusha kwa pumzi. Pakiti isipotikisika basi unapumulia kifua, na anayepumulia kifua, mwalimu alisema, ni mtu anayekimbizwa na mbwa, si mwimbaji. Unga wenyewe tulitoka nao nyumbani. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye nilikuwa nikikaa kwake, aliutazama unga wake ukitoka mlangoni akataka kujua unaenda kusomea nini.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, Mkuria wa upande wa mpakani. Ujanani mwake alikuwa ameimba Nairobi kwenye michezo ya jukwaani, ile ambayo watu huimba wakipendana, huimba wakigombana na huimba hata wakifa. Kisha mumewe akahamishwa kikazi, naye akamfuata, na muziki ukabaki huko. Kijaluo hakukijua na sisi Kikuria hatukukijua, kwa hiyo tulifundishwa, tukasifiwa na tukagombezwa kwa Kiswahili, zaidi tukigombezwa. Alikuwa na kichuma chenye meno mawili ambacho akikigonga gotini kinavuma. Anakiweka sikioni, anaitoa ile sauti kwa mdomo, na ole wako uikose.

Tuliimba midomo ikiwa imefungwa mpaka pua zikawasha. Tulitetemesha midomo kama watoto wanaoendesha gari la waya. Tulibeba ndoo za maji kutoka kisimani huku tukiimba, kwa sababu mwigizaji haimbi akiwa amesimama wima mahali pamoja. “Imba huku unafanya kazi,” alikuwa akituambia. “Ukihema, bado hujaiva.” Kwa muda mrefu hakuna aliyeiva. Nilienda nyumbani na maumivu ya mbavu, mahali ambapo sikujua kuna nyama ya kuuma.

Lakini sauti ilikuja. Sijui niseme vipi bila kujisifu, basi wacha nijisifu: ilikuja kubwa. Siku moja nilikuwa napanda na sauti zile ngazi nane tulizozizoea, nikapita pale ambapo siku zote koo hunikaba, nikajikuta upande wa pili bila kuumia, sauti imetulia juu huko na nafasi bado ipo. Mwalimu aliacha kutembea. Akasema tu, “Ehe. Huyo ndiye,” akanipa sehemu kuu ya mchezo.

Mchezo wenyewe aliutunga yeye. Ulihusu mama anayezika watoto wake mmoja baada ya mwingine mpaka anabaki na nyumba tupu, na anapomaliza kumzika wa mwisho anaimba maombolezo peke yake jukwaani, bila ngoma, bila kinanda. Huyo mama ndiye mimi, msichana ambaye hata posa sijaletewa. Tungeucheza Homa Bay, mbele ya wakubwa wa wilaya na bwana mmoja kutoka Kisumu aliyekuwa akikusanya waimbaji wa kundi la michezo la kulipwa. Mwalimu alimfahamu. Alituambia wazi kwamba kati yetu sote angechukua mmoja, labda wawili. Nilitaka anichukue mimi. Sikuwa na mpango mwingine wa maisha, na sisemi hivi kwa kutia chumvi. Shamba halikuwepo, karo ya chuo haikuwepo, mchumba hakuwepo. Palikuwa na sauti tu.

Na miaka ile ilikuwa ya kuzika. Anayeikumbuka hahitaji kuelezwa. Ijumaa magari yalitoka mochari yakiwa yamefungwa matawi, Jumamosi ardhi ilichimbwa, na wiki iliyofuata ni vivyo hivyo kwenye boma jingine. Ugonjwa hatukuutaja kwa jina. Tulisema alikonda, tulisema ni kifua, tulisema amerogwa, halafu tukaenda kuzika. Shangazi alikuwa na ukoo mpana, wa kuzaliwa na wa kuoleka, na hakukosa matanga hata moja. Mimi nikaenda naye, maana msichana anayekaa kwa shangazi yake hufuata pale shangazi anapokwenda.

Kwetu mwanamke haingii bomani mwa marehemu kimya. Anaanza langoni. Mikono kichwani, anapiga nduru, kile kilio kikali cha kutangaza kifo, anakimbia nacho mpaka kwenye jeneza, analizunguka, anamwita marehemu kwa majina yake. Asiyelia anatazamwa. Watu watajiuliza alikuwa na nini na marehemu, na wengine watakwenda mbali zaidi wajiulize anajua nini kuhusu kifo hicho. Basi nililia. Nililia kwa ajili ya watu niliowajua na wengine ambao sura zao niliziona mara ya kwanza kwenye jeneza. Nililia kama wanawake wote wanavyolia, kwa koo, kwa nguvu zote, mpaka likachubuka.

Jumatatu mwalimu aligonga kichuma chake gotini, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mlango wa banda la kuku.

“Jumamosi ulikuwa wapi?”

“Matanga, mwalimu.”

“Na Jumamosi ile nyingine?”

“Matanga.”

“Na Jumamosi hii?”

Mwili wa mtoto wa binamu yake shangazi ulikuwa unatoka mochari Ijumaa hiyo. Mwalimu alinishika kidevu, akaniambia nitoe ulimi, akachungulia kooni kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Akaniambia kwamba ndani mle kuna nyuzi mbili laini, kwamba mtu akizigonga kila wiki zinaota sugu kama kiganja cha mkulima, na kwamba sugu hiyo ikikaa, haiondoki. Atakuwa na sauti ya kuuzia samaki sokoni, basi. Akanikataza kulia.

Nilimtii. Kwenye yale matanga nilikimbia na wenzangu kutoka langoni, mikono kichwani, mdomo wazi, na sikutoa kitu. Nilidhani kelele zao zitanifunika. Nilijidanganya. Mtu mwenye sauti hukosekana anaponyamaza, na shangazi alinikosa kabla hatujafika kwenye jeneza. Nyumbani aliniuliza sauti naificha kwa ajili ya nani, ilhali aliyekufa ni mtu wetu. Mwanamke mmoja alikuwa amemwuliza kama mimi na marehemu tuliwahi kukosana. Baada ya hapo akaacha kunisemesha. Alikuwa akiniwekea chakula mezani na kutoka nje.

Nilimweleza mwalimu kwamba nitafukuzwa. Siku ya pili yake akaja mwenyewe kwa shangazi, amevaa sweta yake ya kufundishia, akapewa kiti na chai. Shangazi hakuwa na Kiswahili kingi, ila alikuwa na cha kutosha kwa ugomvi.

“Mwalimu, huyu mtoto iko na sauti,” alisema. “Wewe ndio umempa, mimi nasema asante. Lakini hiyo sauti ni ya nini kama haiwezi lia mtu?”

“Mama, akilia vile mnalia, ataimaliza.”

“Hata sisi imetuisha. Sikia yangu.” Na kweli sauti yake ilikuwa imekwaruza tangu nimjue. “Kwani nani alisema sauti ni ya kuweka?”

Mwalimu alikunywa chai yake yote. Nilikaa pale mlangoni nikijua kwamba maisha yangu yanaamuliwa na wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja aliyenitazama. Kisha mwalimu akasema, “Basi alie. Lakini alie vizuri. Mimi nitamfundisha.” Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alisema hajawahi kusikia mtu anafundishwa kulia, lakini kama hiyo ndiyo elimu ya siku hizi, haya.

Kwa hiyo nikafundishwa kulia. Mwalimu aliifanya kazi hiyo kwa bidii ileile aliyofanyia kila kitu, na akaifanyia kundi zima, maana wasichana wengine nao walikuwa na matanga yao. Usiianze nduru kwa kuigonga kooni, alisema, tanguliza pumzi, sauti ije juu yake. Fungua koo kama mtu anayetaka kupiga mwayo. Ipeleke sauti usoni, kwenye mifupa ya mashavu, iachie mifupa kazi. Ikishuka, shuka nayo polepole, usiikate. Pumua tumboni huku unakimbia. Tulikimbia kuzunguka ukumbi, mikono kichwani, tukipiga nduru moja baada ya nyingine, naye katikati akipiga makofi ya mwendo. “Wewe unalia kwa shingo! Shingo si ya kulia! Rudia!”

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo milango ikiwa wazi, wanawake waliokuwa wakiuza dagaa wa omena barabarani walitupa beseni zao wakaja mbio, wenyewe wakiwa wameshaanza kulia. Waliingia ukumbini wakatafuta jeneza. Hapakuwa na jeneza, palikuwa na sisi, jasho linatutoka, tumesimama tumeduwaa.

“Ni nani amekufa?” mmoja aliuliza.

“Hakuna,” nikasema. “Tunafanya mazoezi.”

Akafuta machozi kwa kona ya leso, na machozi yalikuwa ya kweli, akaniambia kwa Kijaluo kwamba anayelia bila mfu anamtafuta. Akatema mate kizingitini wakaondoka. Mwalimu aliuliza amesema nini, nikamwambia ametutakia heri. Tokea hapo tukawa tunafunga milango.

Mafundisho yale yalifanya kazi. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwamba yalifanya kazi. Nililia kutoka langoni mpaka kwenye jeneza, nikalia tena kila walipoingia wageni wapya, na Jumatatu kichuma kikigongwa sauti ilikuwa pale pale, safi. Kisha watu wakaanza kunijua. Shangazi akawa akifika matangani anatafutwa, na nyuma yake natafutwa mimi. “Umekuja na yule?” walimwuliza. Wapo waliosema kwamba nikilia hata wanaume wazee huinamisha vichwa. Shangazi alivimba kichwa. Alirudi kunisemesha, na unga wake nikaubeba hadi ukumbini bila swali.

Wakati huo kaka yangu alirudi nyumbani kutoka Masara, alikokuwa akichimba dhahabu. Nyumbani ni upande wa Sindo, kwa mama. Baba alifariki tukiwa wadogo, na sisi tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Dhahabu yenyewe sikuwahi kuiona. Alirudi na begi moja, na mwili uliokuwa umebaki nusu ya ule alioondoka nao. Nilipoenda kumwona alikuwa amelala kwenye kitanda cha mama, macho makubwa, na alipotabasamu meno yalikuwa mengi kupita uso. Nilielewa. Kila mtu wakati huo alijua kuelewa.

Mdomo wake ulikuwa mzima, hata hivyo. Alikuwa mtu wa mizaha tangu utoto na hakuona sababu ya kuacha.

“Nasikia siku hizi unasomea kulia,” aliniambia.

“Nasomea kuimba.”

“Nasikia mpaka mnakimbia. Hebu nionyeshe.”

Nilikataa, akaniita muoga, nikakataa tena, akaniambia mgonjwa hakataliwi. Basi nikasimama katikati ya nyumba, nikavuta pumzi, nikamwonyesha. Ilikuwa moja tu, na si ya nguvu zote. Kaka yangu alicheka mpaka akashindwa kupumua, akacheka akikohoa na kushika ubavu, akasema nikimlilia hivyo ataamka anipigie makofi. Na hapo mama akaingia mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi, unga umemganda kwenye vidole, uso wake umeshakufa. Alipomwona mwanawe anacheka, alikalia ukingo wa kitanda. Hakunigombeza. Alimshika mwanawe mguu juu ya blanketi akaendelea kuushika mpaka sufuria ikaungua. Nilitamani anichape, ningejua la kufanya.

Mchezo ulichezwa Homa Bay muda si mrefu baadaye, na nisiseme uongo, nilikuwa mzuri. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama yangu hakuja, asingeweza kumwacha mgonjwa. Nilipofika kwenye maombolezo ya mwisho nilisimama peke yangu mbele ya sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi, nikaianza kwa pumzi kama nilivyofundishwa, na sauti ikapanda ikakaa juu, pana, haina haraka. Nikasikia wanawake nyuma wakianza kulia. Kilio hasa. Mmoja alitolewa nje akiwa ameshikwa mabega. Mimi jukwaani nilikuwa mtulivu. Nilikuwa nikihesabu pumzi zilizobaki, na nilifurahi, jamani, nilifurahi sana.

Bwana wa Kisumu alinifuata baada ya mchezo akaniambia ananitaka, na kwamba atatuma neno kupitia kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama kando, kichuma chake mfukoni, akijifanya anakunja mapazia. Neno hilo halikuja. Mwaka uliofuata nilisikia kwamba kundi lake lilivunjika hata kabla ya kuanza, fedha zilizoahidiwa hazikutoka, na yeye mwenyewe amekonda. Lakini siku ile sikujua. Niliondoka Homa Bay nikiwa mtu anayetakiwa mahali, na niliendelea kuwa huyo mtu kwa siku chache.

Kisha kaka yangu akafa. Alikufa asubuhi, mama akiwa amekwenda kuteka maji, na nilipopata habari nilikuwa Migori, kwa shangazi. Shangazi alipiga nduru palepale uani. Mimi niliketi. Niliona kama maji yamemwagika ndani yangu na hayana pa kutokea. Nilijiambia ngoja, utalia nyumbani, utalia langoni, hapo ndipo mahali pake.

Tulifika Sindo siku mwili ulipoletwa. Jeneza lilikuwa nje, kando ya nyumba, chini ya turubai, na mama ameketi upande wa kichwa, miguu amenyoosha mbele. Watu walikuwa wengi. Shangazi na wanawake wa ukoo walianza langoni, nami nikaweka mikono kichwani nikakimbia nao.

Pumzi ilitangulia. Sikuiamuru. Koo likafunguka, sauti ikaja juu ya pumzi, ikapanda usoni, ikakaa kwenye mifupa ya mashavu, kubwa na safi kuliko siku yoyote, na wale niliokimbia nao wakanyamaza mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi. Watu wakanipisha. Nikamsikia mwanamume akimnong’oneza mwenzake kwamba huyu ndiye yule wa Homa Bay. Nikashuka na sauti polepole, bila kuikata, na karibu na mwisho nikasikia imelegea kidogo, imeanguka chini ya pale inapotakiwa. Nikairekebisha. Kaka yangu amelala pale, pamba puani, na mimi narekebisha sauti.

Nilifika kwenye jeneza macho makavu. Nikamwita jina lake, nalo likatoka limeimbwa. Nikaanza tena, kwa makusudi nikajaribu kuiharibu, kulia kwa shingo, kulia vibaya, kuchubuka. Mwili ulikataa. Ulikuwa umefundishwa kujilinda na ukajilinda. Nyuma yangu nikasikia watu wakinung’unika kwa kuridhika, jinsi wanavyofanya jambo linapofanywa sawasawa. Bibi mmoja alisema kijana huyu ameliliwa vizuri.

Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Alinishika kifundo cha mguu, kwa sababu ndicho alichoweza kufikia pale alipoketi, akanivuta mpaka nikapiga magoti kando yake. Sauti yake ilikuwa imeisha kabisa, imebaki hewa tu, na ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake.

“Nyathina,” aliniambia, mwanangu, “umeimba vizuri. Sasa mlilie kaka yako.”

Nikafungua mdomo. Tumbo likajaa pumzi, koo likafunguka kama mtu anayetaka kupiga mwayo, na kabla sauti haijatoka nikaufunga mdomo.